Moshi wa kutosha kwenye jiko la umeme: kipi ununue kwanza

Anayenunua jiko la moshi la umeme Kigoma anataka ladha ya mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, wa mwalo wa Kibirizi, aliyebanikwa juu ya kuni. Mara nyingi haipati, na kosa si la samaki. Koili moja ndiyo inayopasha jiko na ndiyo inayounguza vipande vya mti. Joto likifika kiwango ulichoweka, koili inazima na moshi unakata. Kwa hiyo tunapanga vifaa hivi kwa kigezo kimoja: kipi kinatoa moshi bila kutegemea koili.

1. Bomba la matundu

Chukua la chuma cha pua, urefu wa sentimita 30, kipenyo cha sentimita 5. Likijazwa peleti za mti (vumbi la mbao lililoshindiliwa kuwa vijiti vidogo) hufuka kwa muda wa kama saa 4. Washa ncha moja kwa tochi ya gesi, acha mwali uwake dakika 5 hadi 10, puliza uzime, kisha lilaze ndani ya jiko pasipodondokewa na mafuta. Ukikosa peleti, tumia vipande vya mpera au mchungwa vilivyokauka kabisa, vidogo kama punje za mahindi. Vitaisha mapema zaidi.

Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea, ila mkatalie bati la zinki, maana likipata moto mkali hutoa mvuke wenye sumu. Bomba likizimika ujue limekosa hewa: fungua tundu la juu lote, vuta droo ya vipande nje kidogo. Umeme ukikatika litaendelea kufuka, lakini samaki haivi. Rangi nzuri isikudanganye.

2. Trei ya vumbi la mbao

Moshi wake ni mwembamba, hauna joto kubwa, na hudumu saa nyingi. Tumeishusha kwa sababu ya vumbi lenyewe: la kwa seremala huchanganyika na gundi ya plaiwudi, mbao zenye dawa na msonobari, ambao utomvu wake huacha uchungu. Inunue kama unaranda mti wako mwenyewe.

3. Vipande kwenye trei ya jiko

Ni rahisi kwa bei. Weka konzi moja jiko likiwa bado baridi, koili ikiwaka mfululizo, kisha ongeza kila dakika 30 hadi 40. Usiviloweke, vitatoa mvuke kwanza na moshi utachelewa.

4. Moshi wa chupa

Ni kimiminika chenye ladha ya moshi. Kwenye maharage sawa. Kwa samaki, hapana.

Kifaa chochote hakitasaidia ngozi inayochuruzika maji. Loweka mgebuka kwa saa 1 kwenye gramu 60 za chumvi kwa lita 1 ya maji, mwanike penye upepo hadi ngozi inate kidoleni, ndipo uingize. Moshi mweupe mzito unaobana koo huleta uchungu, subiri upungue. Anza na joto dogo, kisha pandisha hadi ndani ya nyama ya samaki pafike nyuzi 63 za Selsiasi, na pakae hapo dakika 30.