Kuondoa malaika na nywele za kwapa nyumbani: kipi ununue kwanza, Unguja na Pemba

Ukiingia duka la vipodozi Darajani au Chake Chake, muuzaji huanza na kile chenye boksi zuri. Boksi lisikuzuge. Wengi wetu nywele zetu zimejipinda, na nywele ya namna hiyo ikikatwa chini ya usawa wa ngozi hupinda ikachoma ngozi kwa ndani badala ya kuchomoza. Hapo ndipo vipele, usaha na madoa meusi vinapoanzia. Kwa hiyo tumepanga kwa gharama ya miezi mitatu minne, si bei ya siku ya kununua, na kwa uwezekano wa vipele. Nyusi hatukuzigusa, zina mjadala wake wa dini.

1. Sukari na ndimu: miguu, mikono na kwapa

Kwa bei haina mpinzani. Sukari vikombe 2 (kama gramu 400), maji ya ndimu robo kikombe, maji ya kawaida robo kikombe. Ndimu 3 au 4 zenye ganda laini zatosha. Zenye ganda gumu hazina maji. Usiache ndimu ukaongeza maji tu: ukali wake ndio unaoizuia sukari isigande chenga.

Tumia sufuria nzito na moto mdogo. Seredani inafaa lakini makaa hayatulii, gesi ni rahisi zaidi. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha weka mwiko chini. Ikifika rangi ya asali, dondosha tone kwenye bilauri ya maji baridi. Likisambaa, bado. Likikusanyika kama gololi laini unayoweza kuiminya, tayari. Mwenye kipimajoto ataona nyuzi 118 hadi 120. Likiwa gumu na kuvunjika, umepitiliza: rudisha motoni na kijiko kimoja cha maji. Mimina kwenye kopo la bati, si la plastiki, na usubiri nusu saa au zaidi. Sukari ya moto huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka kwa sababu inanata, haimwagiki. Ijaribu kwanza kifundoni mwa mkono.

Nywele ziwe na urefu wa punje ya mchele, kama milimita 5. Fupi zaidi ya hapo hazishikiki. Oga, jikaushe, pakaa poda kidogo. Mafuta ya nazi siku hiyo yaache mpaka umalize, maana sukari haishiki ngozi yenye mafuta. Anayeanza atumie vitambaa: kata kanga kuukuu ya pamba, upana wa vidole vinne, urefu wa shibiri. Paka sukari nyembamba kufuata nywele zinakolala, bandika kitambaa, kaza ngozi kwa mkono mmoja, kisha vuta kwa haraka kinyume cha nywele, kitambaa kikienda sambamba na ngozi. Anayevuta kwenda juu ndiye anayekatia nywele katikati, halafu wiki ijayo analaumu sukari. Kwapani nywele zimelala pande mbili tatu, kwa hiyo chukua vipande vidogo na ufuate kila upande.

Wakati wa masika, au mikono ikitoka jasho, sukari hulainika na kubaki mwilini. Feni na poda husaidia. Iliyoganda mwilini hutoka kwa maji ya uvuguvugu tu. Kopo lenye mabaki lifunike na ulisimamishe ndani ya sahani ya maji, la sivyo sisimizi watakutangulia.

Ngozi hukaa laini wiki 3 hadi 4, kwa hiyo mwenye kuchunga kikomo cha dini cha siku 40 hapitwi. Bibi harusi aitumie siku mbili tatu kabla ya shughuli, na singo, msugo wa bibi harusi wenye karafuu, isipakwe kabla ya saa 24 kupita; karafuu juu ya vinyweleo vilivyo wazi huwasha kama pilipili.

Anayepaka mkorogo au krimu za dawa kama tretinoin asiguse sukari. Ngozi yake imekuwa nyembamba na itavuka pamoja na kitambaa. Aliyemeza vidonge vya chunusi vya isotretinoin asubiri miezi 6 baada ya kumaliza. Mwenye sukari, yaani kisukari, ambaye vidonda vyake huchelewa kupona, naye aruke hapa aende namba 2.

2. Mashine ndogo ya umeme ya kupunguzia: sehemu za siri, na ndevu za wenye vipele

Haikati mpaka kwenye ngozi, huacha kishina kifupi, na ndiyo maana ni nadra kuleta vipele. Tazama kama kichwa kinachomoka na kuoshwa, na kama inatumia betri za kawaida au inachajiwa kwa waya wa simu. Zile za kuchomeka ukutani mara nyingi huja na plagi ya miguu miwili ya duara, na soketi zetu ni za miguu mitatu. Hesabu na bei ya adapta. Ukishaisafisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye meno yake. Mafuta ya nazi hayafai humo.

3. Wembe wa pande mbili na mashine yake ya chuma

Kishikio unanunua mara moja, kikakaa miaka. Badilisha wembe baada ya kunyoa mara 4 au 5, au mara tu unapoanza kukwaruza. Loweka nywele kwa maji ya uvuguvugu dakika 3. Maji mengi ya visima Unguja hupita kwenye jiwe la matumbawe na hayatoi povu vizuri; ukipata ya mvua, tumia hayo. Nyoa kufuata nywele, mpito mmoja, bila kukandamiza wala kuvuta ngozi. Hewa ya bahari huuozesha wembe haraka: suuza, kung'uta, usiufute kwa kidole, ukaushe. Shabu iliyoloweshwa ikipitishwa kwenye ngozi huzuia damu ya mikato midogo. Ni ya ngozi ya nje tu. Wanaoiingiza ukeni wanajichubua. Na wembe usichangiwe hata na ndugu: homa ya ini na Ukimwi hupita kwenye damu usiyoiona.

4. Krimu ya kuyeyusha nywele

Inafanya kazi, haiumi, na ni ghali ukihesabu mirija. Dawa yake hulainisha nywele mpaka zikatike, na nywele na ngozi ni ndugu wa damu. Jaribu tone kwenye mkono na usubiri saa 24. Fuata dakika zilizoandikwa, kwa kawaida 3 hadi 10, na usiongeze kwa tamaa. Isipakwe kwenye sehemu za ndani zenye ute wala mara baada ya kunyoa. Soma tarehe ya mwisho, na uepuke mirija iliyoanikwa juani barazani.

Nyembe za plastiki zenye makali matatu au manne tumeziweka chini makusudi. Kali la kwanza huinua nywele, la pili huikatia chini ya ngozi, na hilo ndilo tulilolikimbia tangu mwanzo. Uzi wa pamba unafaa masharubu ya wanawake, ukipata mtu mwenye mkono.

Vifaa vya mwanga vinavyouzwa mtandaoni usinunue kama ngozi yako ni nyeusi. Mwanga hutafuta rangi nyeusi bila kuchagua kati ya nywele na ngozi, na matokeo ni kuungua. Leza inayofaa ngozi nyeusi ni ya aina iitwayo Nd:YAG, na hiyo ni kazi ya kliniki.

Kabla ya kutumia fedha yoyote kwa nywele nene zilizoota ghafla kidevuni au kifuani kwa mwanamke, hasa hedhi ikiwa inaruka, aende kwa daktari akapimwe homoni. Uvimbe wa kwapani wenye usaha unaorudirudi nao ni wa daktari, na mpaka upone kwapa hilo lisiguswe na chochote kati ya hivi.