Darasa la misemo ya hasira ya Kiingereza, Nsambya: uzoefu wangu

Nimemaliza Jumamosi nane za darasa la misemo ya Kiingereza hapa Nsambya, Kampala. Nililipa shilingi 80,000, na kama kazi yako ni kupokea wageni, nakuhimiza ulipe.

Nilijiandikisha baada ya kuumia. Mgeni mmoja Mwingereza alikasirika kwa kukosa maji ya moto. Nikamwandikia kumwomba radhi kwa msemo niliouokota kwenye orodha ya misemo simuni: "Sorry you flew off the handle". Orodha ile ilisema tu "kukasirika ghafla". Alihama siku hiyohiyo. Iliniuma sana, maana nia yangu ilikuwa njema.

Mwalimu ndiye aliyenionyesha kosa. Msemo ule ni picha ya shoka: kichwa kimechomoka kwenye mpini kikaruka, na hujui kitamwangukia nani. Ukimwambia mtu hivyo umemlaumu kwamba ameshindwa kujizuia. Ni sawa na kumwambia mzee wa watu kwamba ana hasira za mkizi! Lakini "It makes my blood boil", damu inanichemka, unamlaumu aliyesababisha, si aliyekasirika. Hilo sikuwahi kulisoma popote. Kwa kila msemo mwalimu alituuliza: nani anasema, na anamsema nani? "Hit the roof", kugonga paa, na "blow a fuse", kuunguza fyuzi, ni za kumsimulia mtu aliyekwisha kulipuka. Ile ya fyuzi tuliielewa mara moja, nyumba zetu zinaijua.

Kasoro zipo. Chumba kiko kando ya barabara, bodaboda zinameza sauti, kwa hiyo wahi ukae mbele. Na neno "mad" lilipitiwa kwa sentensi moja tu. Kwa Mmarekani ni kukasirika kwa kawaida, kwa Mwingereza aghalabu ni wazimu. Sisi tunawapokea wote wawili, lilistahili nusu siku nzima.

Wiki iliyopita mama mmoja alisimama mbele yangu akisubiri chumba, akasema anaanza kuwa "hot under the collar". Zamani ningefikiri analalamikia joto. Safari hii nilijua hasira ndiyo kwanza imefika kwenye kola. Nikamwambia, "Pole sana mama," nikampa kiti, nikapanda mwenyewe kumalizia kutandika kitanda. Amekaa siku nne.