Maunti za Shokapu: Kabla Hujanunua za Kurekebisha, Zigeuze Utazame Chini

Masika yaliyopita nilitoa shilingi laki nne na nusu kwa jozi moja ya maunti za juu za shokapu, yaani vile vishikio vinavyokikamata kichwa cha shokapu kwenye bodi ya gari, zile za alumini ya rangi ya zambarau ambazo mtu huzilegeza kwa spana akaupanga mlalo wa gurudumu apendavyo. Nilizifunga mbele katika Subaru Impreza WRX yangu ya mwaka 2004, na kabla kipupwe hakijaisha gari lilikuwa likigonga kama mchi kinuni. Sauti ilianza siku moja nikielekea Paje, hapa Unguja, ko-ko mbili fupi kila nilipovuka tuta, kisha ikafika hadi nikikata kona ya polepole pale Mwanakwerekwe usukani unanirudia mkononi kwa mshituko.

Fundi wangu wa Jang'ombe, mzee asiyependa maneno mengi, alifungua boneti akasema, "Weka kidole hapo pembeni mwa nati, mwanangu." Nikaweka, naye akalisukasuka gari kwa kiuno chake, nami nikaihisi nati ikiruka chini ya kidole. Tulipoitoa maunti, ndani ya beringi mlikuwa na unga wa rangi ya kutu uliochanganyika na chembe nyeupe za kifusi cha matumbawe tunachomwagiwa katika njia zetu za ndani. Niliusugua kati ya vidole, ukakwaruza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizwa na wenzangu wenye magari ya kasi kama wabakie na maunti za kiwandani au wachukue za kurekebisha. Sitapoteza muda kwa rangi, uzito wala urefu wa mfereji wa kurekebishia, kwa kuwa hayo yamechapishwa kwenye kila boksi. Ninalotaka ulitazame ni upande wa chini wa maunti, ule ambao muuzaji hakuonyeshi.

Katika magari mengi, shokapu ya mbele hufungwa kwa mtindo unaobeba jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, ambao Ford iliuingiza katika magari yake mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Shokapu yenyewe ndiyo inayoshika gurudumu wima, na kichwa chake huingia katika tundu la bodi chini ya boneti. Maunti ndiyo inayokamata kichwa hicho. Ya kiwandani ni pande la mpira lililogandishwa baina ya vyuma viwili, pamoja na beringi inayoiruhusu shokapu kuzunguka unapokata usukani, na mpira huo hufanya kazi mbili: humeza mtikisiko, na huziba tundu. Kazi hii ya pili hakuna anayeitaja.

Maunti ya kurekebisha huondoa mpira na kuweka beringi ya tufe, yaani pande la chuma la mviringo linalocheza ndani ya kikombe chake, likiwa limebebwa na bamba lenye mfereji. Ukilisogeza bamba kuelekea injini, kichwa cha gurudumu hulalia ndani. Mlalo huo mafundi huuita kemba. Kwa mtu anayeshindana, hilo ni jambo kubwa, kwa sababu gari linapoinama kwenye kona tairi la nje hukanyaga ardhi kwa upana wake wote. Lakini mfereji huo ni tundu lililo wazi, na beringi ile iko juu kabisa ya pango la gurudumu, mahali ambapo tairi hurusha maji, mchanga na matope. Ndani ya kikombe huwa mna utando mwembamba wa tefloni unaoifanya beringi iteleze bila ya grisi. Chembe moja ngumu ikipenya, kila tuta linausaga utando huo. Nyingi ya beringi hizi hazina hata kifuniko cha mpira.

Sasa liweke jambo hilo katika kisiwa chetu. Upepo unabeba chumvi mwaka mzima, masika maji yanatuama barabarani, na wengi wetu tunayaosha magari kwa maji ya kisima ambayo ukiyaonja yana chumvichumvi. Zaidi ya hayo, kikombe cha beringi ni cha chuma na bamba ni la alumini, na metali hizo mbili zikikutana penye chumvi na unyevu alumini huanza kulika. Fundi wangu alipojaribu kuitoa beringi ili tuweke nyingine, ilikuwa imegandamana na bamba lake kwa unga mweupe, ikakataa hata kwa nyundo. Wapo waliokwisha kunishauri niwe nikiidondoshea mafuta. Mafuta huushika mchanga, na mchanga uliolowa mafuta ndio msasa wenyewe.

Kwa hiyo, kwa gari linaloishi Unguja au Pemba, chaguo langu la kwanza ni maunti mpya ya mpira ya kiwandani, na sioni haya kusema kwamba nina upendeleo: nanunua KYB. Kampuni hii ya Kijapani, iliyotokana na kazi ya Shiro Kayaba aliyeanza mwaka 1919, hutengeneza shokapu zinazofungwa kiwandani katika magari mengi ya Kijapani, na gari la marehemu baba yangu lilitembea miaka kwa shokapu zake bila ya kulalamika. Atakayeniambia kuwa huo si ushahidi atakuwa amesema kweli, nami nitaendelea kununua KYB.

Utauliza, na kemba je? Hapa ndipo nilipojiona mjinga, maana gari langu lilikuwa na dawa yake tangu lilipotoka kiwandani. Katika Impreza hii, boliti ya juu kati ya zile mbili zinazoifunga shokapu na gurudumu la mbele si ya mviringo kamili. Ukiizungusha, gurudumu hulala au husimama kwa kiasi kidogo. Kwa mtu wa barabarani kiasi hicho kinatosha. Kwa magari mengine ya mfumo huu huuzwa boliti za aina hiyo kwa bei isiyokaribia hata kidogo ile niliyolipa mimi, na tundu la juu linabaki limezibwa.

La pili ni maunti ya mpira mgumu, ile ambayo STI, tawi la Subaru la magari ya mashindano, huitoa kwa ajili ya Impreza chini ya jina la Group N. Umbo lake ni lile la kiwandani ila mpira wake haubonyei ovyo, hivyo usukani huwa mkali zaidi na beringi haikai uchi. Utasikia mtikisiko kidogo zaidi, nami ningeukubali laiti ningeipata hapa bila ya kuagiza mbali.

La tatu ndilo la kurekebisha, na hapo sitaki kusikia jina jingine ila Cusco au mfano wake, na kwa mtu anayelipeleka gari lake mashindanoni Bara au Kenya kisha akalifungua na kulisafisha akirudi. Ukiwa dukani, igeuze. Tia kidole katika tundu la beringi na uizungushe pande zote: inatakiwa iwe nzito sawasawa, isicheze wala isikwame. Tazama kama chini yake pana kifuniko cha mpira. Uliza kama beringi imeshikwa kwa ringi ya kubana unayoweza kuitoa kwa koleo, na kama beringi peke yake inauzwa. Ikiwa imepigwa ikakazwa moja kwa moja ndani ya bamba, ikichakaa umetupa maunti nzima. Ukishaifunga, kila unapoigusa kemba, mwelekeo wa ncha za mbele za magurudumu nao hubadilika, kwa hiyo lazima gari lirudi kwenye mashine ya kupimia. Mimi nililipuuza hilo, na tairi zangu mbili za mbele zililika upande wa ndani hadi nyuzi zikatokeza.

Za bei rahisi zisizo na jina nimekwisha kuzieleza, ndizo nilizonunua.

Za mtumba nazo zina hadithi yake. Mpira hata usipotumika huzeeka, na wapo wauzaji wanaoipulizia maunti kuukuu rangi nyeusi ili nyufa zisionekane. Ikunje kwa nguvu chini ya jua: rangi hukatika kwenye ufa, mpira mzima haukatiki. Mmoja aliponiona ninafanya hivyo aliniambia, "Dada, ukiikunja umeinunua." Mwengine alinikalia kidete kuwa maunti ya kurekebisha itaubadilisha mlalo wa magurudumu ya Toyota Altezza, ilhali Altezza, kama Roadster ya Mazda, magurudumu yake hushikwa na mikono miwili, juu na chini, na kukisogeza kichwa cha shokapu hakubadilishi mlalo wowote. Nilipomweleza, alimgeukia mteja mwengine akaendelea kumwambia maneno yaleyale.

Aliyeniuzia zile za zambarau nilimrudia nikiwa nazo ndani ya mfuko wa plastiki. Hakukataa kuwa zimekufa. Alizigeuzageuza, akazitazama kwa juu tu, akasema tatizo ni barabara zetu, kisha akanitolea jozi nyingine ya rangi ya dhahabu na kunipunguzia elfu ishirini. Nikaigeuza chini. Haikuwa na kifuniko.