Kivuruga rada nilikiacha, nikachukua kinasa rada: uzoefu wangu Maryland na Virginia

Ndugu zangu mnaoendesha huku Maryland, DC na Virginia, kabla hujalipia kivuruga rada mtandaoni, soma kwanza. Nilikuwa nakitaka kweli, tena kilishaingia kwenye kikapu. Nilipopitia sheria nikakitoa, nikanunua kinasa rada kwa dola mia tatu na ushee.

Wauzaji huvichanganya makusudi, lakini kinasa kinasikiliza tu mawimbi ya rada ya polisi na kukuonya. Kivuruga kinarusha mawimbi yake ili tochi ya trafiki ishindwe kusoma spidi, na hapo unaingia kwenye mikono ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya 1934, kukiuza, kukiingiza nchini na kukitumia vyote ni marufuku. Hii ni sheria ya serikali kuu, kwa hiyo kuhama jimbo hakukusaidii: utanyang'anywa kifaa, utapigwa faini nene, na kifungo kinawezekana.

Kuna wanaodai kwamba chao hakirushi kitu, eti kinarudisha tu mawimbi ya polisi yakiwa yamechanganywa na kelele. Utetezi huo ulifikishwa mahakama ya rufaa mwaka 1998 na FCC ikashinda. Na waliovipima vya namna hiyo walikuta tochi inasoma spidi kama kawaida, yaani unavunja sheria bila hata kupata faida yake! Vya kuvuruga tochi za leza havimo kwenye katazo hilo kwa kuwa leza ni mwanga, si redio, ila California, Texas na Virginia zimevipiga marufuku kwa sheria zao.

Sasa kinasa chenyewe. Nimekifunga karibu na kioo cha kutazamia nyuma, waya nimeupitisha darini hadi kwenye fyuzi. Kwenye I-68, kule milimani magharibi mwa Maryland, kinafanya kazi vizuri: kinaanza kulia kabla sijamaliza mlima, kioo chake kinaandika Ka (moja ya bendi za rada za polisi) na masafa ya gigahezi 34.7, na nikishuka namkuta trafiki amejibanza kando. Mjini ni kero. Milango ya supamaketi inayojifungua yenyewe hutumia masafa ya gigahezi 24, sawa na baadhi ya tochi, na vivyo hivyo vihisio vya pembeni vya magari mengi. Ukipita mbele ya maduka kinalia mpaka abiria anauliza kuna nini. Chenye GPS kinajifunza sehemu hizo na kuzinyamazia, kwa hiyo usichukue kisicho nayo.

Kwa leza usitegemee muujiza. Mwale wake, ukiwa mita 300, una upana wa kama mita moja tu, na trafiki anaulenga kwenye namba ya gari. Kinasa kikilia, ujue ameshakusoma. Hata trafiki wa rada akiiwasha ghafla ukiwa karibu, mambo ni yale yale.

Kuhusu mpaka: DC na Virginia zinakataza hata kinasa. Kabla ya daraja la American Legion, linalotoka Maryland kuingia Virginia, nasimama, nachomoa waya, nakitia kwenye buti. Virginia inataka kisiwe na umeme na kisiwe mahali ambapo dereva au abiria anaweza kukifikia. Kukizima na kukiacha kwenye dashibodi hakutoshi. Na ninyi wa malori msijisumbue kabisa, kwa magari ya biashara yanayozidi pauni 10,000 kinasa ni marufuku nchi nzima.

Muuzaji mmoja wa vivuruga aliahidi kunilipia tiketi nikikamatwa. Huko Virginia ukizidisha maili 20 juu ya kikomo, au ukipita 85, hiyo si tiketi, ni kosa la jinai linaloingia kwenye rekodi yako. Hilo hawezi kukulipia mtu.

Kama safari zako ni za barabara kuu za Maryland, Pennsylvania na West Virginia, kinasa chenye GPS nakipa nyota nne. Kama unazunguka mjini tu, Waze, programu ya bure ya simu, inakutosha.