Miwani tatu kwa fundi mmoja

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza kwanza. Ya kwanza shilingi 5,000. Ya pili 95,000. Ya tatu 45,000, ukiacha 10,000 ya kupimwa macho. Zote tatu nimezinunua ndani ya mwaka mmoja na miezi kidogo, na hii niliyovaa wakati naandika ni ya tatu. Ningeanza na hii, tena mapema, laki yangu moja ingekuwa mfukoni, na kuna sketi moja ya shule isingerudishwa kwangu imeshikwa kwa vidole viwili kama panya.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Nina miaka 48, na 26 kati ya hiyo nimekaa nyuma ya cherehani. Nashona kanzu, suruali na sare za shule, na napunguza mitumba. Hiyo mitumba ndiyo inayolisha nyumba, tusidanganyane.

Macho yalianza kunisaliti kwenye uzi. Mimi nikalaumu uzi. Nikasema uzi wa siku hizi unachanua ncha, haupiti. Nikabadilisha duka la uzi. Kisha nikasema sindano za siku hizi zina matundu madogo, nikawa natia namba 16 hata kwenye kitambaa cha namba 14, almuradi tundu liwe kubwa. Mwisho nikamgeukia Hamisi, kijana wangu wa kazi: “Hebu tunga hiyo nione kama umeshajua.” Alikuwa ameshajua siku nyingi. Lakini alitunga. Kesho yake alipofungua duka, kabla sijafika, alitunga sindano tano za mkono, nyeupe, nyeusi, bluu, kijani na maziwa, akazichomeka kwenye kimto changu. Akafanya hivyo karibu mwaka mzima bila kutamka neno. Kijana yule ana adabu kuliko watu wazima wengi ninaowajua.

Nyumbani nako mambo yalikuwa hayohayo. Nikipata ujumbe kwenye simu naupeleka mbali, naupeleka mbali zaidi, mpaka mama Salma akaniambia, “Baba Salma, mkono utaisha huo.” Sikucheka. Huo ni mwaka ambao watu wenye ndevu zao walianza kuniamkia shikamoo barabarani, na mimi bado nageuka nyuma kuangalia anaamkiwa nani.

Sketi yenyewe ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, kazi zimejaa mpaka chini ya meza. Mama mmoja akarudi na sketi ya binti yake, bluu ya giza. “Fundi, umenishonea kwa uzi mweusi.” Nikamwambia, “Mama, hiyo ni bluu.” Hakubishana. Alinishika mkono wa shati, akanitoa nje juani, akaikunjua sketi mbele yangu na mbele ya majirani. Pindo lote, zipu yote, nyeusi tii. Nikaifumua, nikaishona upya bure, na jioni ileile nikanunua miwani ya kwanza.

Nilinunua kwa mchuuzi anayepita na ubao wa miwani begani. Kipimo chake ni kiboksi cha dawa: unavaa, unasoma maandishi ya nyuma, ukiridhika unalipa. Zile miwani zina namba kwenye kibandiko, zinapanda robo robo kuanzia 1.00. Mimi nilivaa kadhaa, nikafika namba 3.00, na herufi zikasimama kubwa kama za kibao cha dukani. Nikachukua hiyo. Simlaumu mchuuzi. Nilichagua kama mtoto anavyochagua andazi, kubwa kuliko yote.

Kumbe namba kubwa inakuvuta karibu. Kuona vizuri kwa 3.00 ilinibidi nisogeze uso mpaka kama sentimita 30 kutoka kwenye sindano, mgongo umepinda, pua inakaribia kuingia chini ya mguu wa cherehani. Ikifika alasiri shingo imekakamaa na kichwa kinagonga. Mteja akiita “Fundi!” nainua uso, naona wingu limevaa kanga. Hata hivyo nitaitetea kidogo. Kama macho yako yote mawili yako sawa, huna tatizo la kuona mbali, na unataka tu kusoma risiti na ujumbe wa simu, hizi za ubaoni zinafaa, na hakuna haja ya kuona haya. Ila chukua namba ndogo kabisa inayokuwezesha kusoma ukiwa umekaa kawaida.

Ya pili nilinunua kwenye duka la miwani, sitalitaja. Duka zuri, lina kiyoyozi na vioo pande zote. Nikawekwa kidevu kwenye mashine, ndani yake naona barabara ndefu na puto la rangi mwisho wake, mara liko wazi mara linafifia. Kijana mwenye tai akasoma karatasi iliyotoka, akaniambia mtu wa umri wangu anahitaji miwani yenye kidirisha chini: juu unaangalia mbali, chini unasoma. Aliniuliza nitalipa taslimu au kwa simu. Swali la kazi yangu halikumjia.

Nikikaa kwenye cherehani, nasema kweli, kile kidirisha kilikuwa safi. Sindano niliiona, uzi ukapita mara ya kwanza. Tatizo likaja niliposimama kukata. Kitambaa kiko mezani, nimekiinamia, mstari wa chaki uko mbali kidogo kuliko sindano. Nikitumia kioo cha juu, ukungu. Nikitumia kidirisha, ukungu wa namna nyingine. Nikawa nainua kidevu, nashusha, nainua, kama kuku anayekunywa maji. Hamisi akatoka nje. Najua alikwenda kucheka.

Halafu baiskeli. Hapa kwetu Tanga mtu na baiskeli yake. Nilikuwa napeleka kanzu nne za Idi, nikaangalia chini kupima ukingo wa barabara, na chini ndiko kiliko kidirisha. Ukingo ulikuwa karibu kuliko nilivyouona. Nikaingia mtaroni taratibu kabisa, kama mtu aliyekusudia. Mimi sikuumia. Kanzu nyeupe ndizo zilizoumia, na usiku ule mimi na mama Salma tulifua mpaka saa sita. Nilirudi dukani, wakaniambia, “Utazoea, mzee.” Nilijipa miezi miwili. Sikuzoea.

Sisemi miwani ya namna hiyo ni mbaya. Wifi yake mama Salma ni mwalimu, anayo, na haivui kutwa: anaangalia darasa, anaangalia daftari, anaangalia darasa. Kazi yake ina umbali huo wa aina mbili. Yangu ina umbali wa sindano, umbali wa meza, na mteja aliyesimama mlangoni, na ule wa mlangoni macho yangu hayakuwa na shida nao hata kidogo. Niliuziwa dirisha la mbali nisilolihitaji.

Ya tatu sikwenda kununua miwani. Nilikwenda kupimwa macho kliniki, maana nilishaanza kuogopa kuwa ni mtoto wa jicho. Alinipokea binti, umri wa Salma wangu. “Shikamoo, baba.” “Marahaba, mwanangu.” Kabla ya kitu chochote akaniuliza, “Baba unafanya kazi gani?” Nilipomjibu, akasema, “Basi kaa hapo kama uko kwenye cherehani. Mikono iweke kama umeshika kitambaa.” Nikakaa. Futi yangu ilikuwa shingoni kama kawaida, akaichukua yeye, akapima kutoka kwenye jicho langu mpaka kwenye ncha ya vidole. Sentimita 45. Akanisimamisha kama nakata. Sentimita 65. Akaandika. Nilijisikia kama mteja wangu mwenyewe.

Akanieleza vizuri, kwa Kiswahili cha watu. Ndani ya jicho kuna lenzi. Ujanani ni laini, ukitaka kuona karibu inavimba kidogo, ukitaka mbali inalala. Mwaka hadi mwaka inakakamaa, na kuanzia miaka 40 hivi mtu anaanza kuona tofauti. Si ugonjwa, wala haikuletwa na kushona usiku, jambo ambalo nilikuwa nimejihukumu nalo. Pia mboni inapitisha mwanga mchache kuliko ya kijana, ndiyo maana bluu ya giza na nyeusi zinakuwa ndugu. Nikamsimulia ile sketi. Alicheka kwa heshima.

Alipima kila jicho peke yake. La kulia 1.75, la kushoto 2.25. Hayakuwa sawa! Ile ya ubaoni ingekuwa namba yoyote isingenikaa sawasawa, kwa sababu vioo vyake vyote viwili ni namba moja. Akachukua rula ndogo, akapima nafasi kati ya mboni na mboni kwa milimita, ili katikati ya kioo ikae mbele ya jicho. Hapo ndipo nilipoacha wasiwasi. Mtu anayepima hivyo mimi namwelewa. Ndivyo ninavyopima mabega.

Akanipima pia presha ya macho, na akauliza kama kwetu kuna kisukari. Mama yangu anacho. Akaniambia nirudi kila mwaka, kwa kuwa presha ya macho mara nyingi haiumi, inakula uoni wa pembeni kimya kimya, na mtu anakuja kustuka kumebaki kidogo. Kama kuna jambo moja ambalo mchuuzi wa ubao hawezi kukupa ni hilo, na kwangu lile lilistahili 10,000 hata bila miwani.

Siku ya nne nikaifuata. Vioo vya kawaida, kila kioo na namba ya jicho lake, hakuna kidirisha. Nikaivaa nimekaa kwenye cherehani. Kitu cha kwanza kukiona ilikuwa uchafu: vumbi na nyuzinyuzi zimejaa chini ya bamba la sindano, na mimi ndiye ninayemgombeza Hamisi kwa usafi. Kitu cha pili ilikuwa kola ya kanzu niliyoimaliza wiki ile, imetundikwa inamsubiri mwenyewe. Mshono ulikuwa unatembea kama mlevi. Nikaangalia nyingine. Nikatoa na ile ya mfano, ninayowaonyesha wateja wapya. Sikusema kitu, nilichukua kifumulio nikaanza. Hamisi akavuta kigoda akakaa upande wa pili, akaanza na ya kwake. Tulifumua mpaka magharibi.

Sasa kasoro zake, maana haya ni mapitio, si tangazo. Joto la Tanga linaitelezesha puani. Nimeifunga kamba niliyoishona kwa kipande cha bitana. Vumbi la chaki linakwaruza vioo ukifuta kwa kitambaa kikavu, na mimi vitambaa ndivyo vimenizunguka, kwa hiyo imeshapata mikwaruzo miwili. Ioshe kwa maji kwanza. Na ukiinuka lazima uivue, vinginevyo mlango unauona kwa shida. Meza ya kukatia naiona vizuri, ila nikisimama wima kabisa inafifia kidogo. Nimepandisha meza kwa matofali mawili, basi.

Miwani peke yake haikutosha. Nimenunua taa ndogo ya kuchaji yenye sumaku, 12,000, imenata kwenye shingo ya cherehani na inamwaga mwanga palepale penye sindano. Hii naisifu kuliko vyote, na umeme ukikatika inaendelea. Nimebandika karatasi kwenye kila gurudumu la uzi, B kwa bluu, N kwa nyeusi. Na kazi za giza nazishona saa tatu hadi saa sita asubuhi, jua likiwa mlangoni. Anayeniletea suruali nyeusi saa kumi na mbili jioni ananisikia nikisema kesho. Zamani nisingeweza kusema hivyo. Kile kijiti chenye waya mwembamba cha kutungia uzi, shilingi 500, usijisumbue. Waya unang'oka ndani ya wiki.

Salma alinisomea habari ya wachuma chai wa Assam, India, iliyotoka 2018. Waliopimwa walikuwa 751, wote miaka 40 na kuendelea. Kundi moja lilipewa miwani ya karibu, na mavuno yao ya siku yakapanda zaidi ya asilimia 20 kuliko ya wenzao waliosubiri. Mimi nina daftari tu. Mwaka jana mwezi kama huu nilikuwa nakunja suruali sita kwa siku, sasa nane, na Hamisi hatungi tena sindano zangu. Anashona.

Ile ya 5,000 sikuitupa, iko kwenye droo ya cherehani. Wateja wa rika langu wakiona nimevaa yangu wanauliza kwa kuzunguka, “Hivi hizi zinasaidia?” Nawapa ile wajaribu, nikiwaonya namba yake ni kali. Ijumaa shemeji yangu, ambaye ananizidi miaka miwili na anasema macho yake ni ya kunguru, aliivaa kwa utani. Akaangalia simu, akaangalia kucha, akainamisha kichwa kwenye kifua chake, kwenye lile shati nililomshonea mwaka juzi.

“Shemeji,” akasema, “kumbe hili lina mistari.”