Uzoefu wangu na kiboksi cha huduma ya kwanza nilichoenda nacho kisiwani siku 9

Nilinunua hiki kiboksi cha huduma ya kwanza cha safari wiki moja kabla ya kwenda likizo kisiwani na dada yangu, kile chekundu cha zipu, kinaingia vizuri kwenye begi la mgongoni. Kwa nje kizuri. Bandeji zipo za kutosha, pamba, plasta, mkasi, glavu na dawa ya kusafishia vidonda. Ila kibano ni cha plastiki, na hapo ndo shida yangu yote ilipoanzia.

Siku ya tatu maji yalikuwa yamepwa, tukawa tunatembea kwenye matumbawe, dada akakanyaga yule mdudu wa baharini mwenye miiba mirefu myeusi kama nungunungu. Alipiga yowe mpaka nikatetemeka. Nikatoa kibano, kila nikikaza ncha zinapishana, mwiba unakatikia ndani na nukta nyeusi inabaki kwenye unyayo. Mzee wa boti akaniambia acha binti, utamuumiza, chemsheni maji kwanza. Tukamtumbukiza mguu kwenye maji ya moto anayoyavumilia, kama nusu saa na zaidi, na joto lazima upime kwa mkono wako wewe, maana mguu wenye maumivu hausikii vizuri unaweza ukamuunguza. Maumivu yakapungua kweli. Asubuhi tukaenda zahanati wakatoa vilivyobaki, wakasema mwiba ukiingia karibu na kiungo usijitibu mwenyewe kabisa.

Kitu kingine kilichonikera ni dawa ya maumivu, waliweka ibuprofen tu. Jamani visiwa vya joto vingi vina dengue, homa inayoletwa na mbu, na mbu wake anauma mchana, sasa homa ikikushika ghafla ibuprofen na aspirini hutakiwi kumeza mpaka ijulikane kama sio dengue, zinaongeza hatari ya kutokwa na damu, paracetamol ndo ilitakiwa iwemo. Na ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, hamna hata pakiti moja! Tumbo likiharibika kwenye lile jua, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi ndo inakuokoa wakati unasubiri boti.

Zipu nayo inaingiza maji, tulipigwa wimbi kwenye boti nikakuta bandeji za chini zimelowa chapachapa.

Nyota 3 kati ya 5, bandeji na dawa ya vidonda vilitusaidia sana, siwezi kusema uongo. Sitakitupa. Nimeshaweka kibano cha chuma chenye ncha kali, paracetamol, ORS 6, kipimajoto, na vyote viko ndani ya mfuko wa plastiki wa kubana mdomo. Viatu vya kuogelea vyenye soli ngumu nimenunua pea mbili, dada kachagua vyake mwenyewe.