Jahazi la sanduku: mbao nzuri, kamba za mtu asiyejua bahari

Usiku wa Jumapili iliyopita nilifunga fundo la mwisho, la demani, ile kamba ya kuongozea tanga kubwa, pale tezini nyuma ya chombo, kwa uzi mwembamba usiotaka kukaa mkononi. Stima ilikuwa imepotea mara mbili jioni hiyo, na mama watoto alikuwa kashalala zamani. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikaliangalia jahazi langu dogo la mfano. Miaka miwili na miezi minne tangu sanduku lifike. Katika hiyo, mwaka mzima na ushei lilikaa juu ya kabati likila vumbi, halina hata kamba moja. Nitaeleza kwa nini, maana ndiyo habari yenyewe ya seti hii.

Nilichonunua ni jahazi la Kiarabu la milingoti miwili, la mbao, la kuunda mwenyewe. Kipimo ni 1 kwa 60, urefu kama sentimita 48 kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi. Limetoka kwa kampuni moja ya Ulaya ambayo jina lake nalihifadhi, kwani ninayo ya kuisifu na ninayo ya kuilaumu. Nililipa shilingi 18,500 pamoja na usafiri, kisha ushuru 3,900. Kwanza nilikuwa natamani merikebu ya Kireno, mfano wa ile Santo António de Tanná iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu, hapa Mombasa, mwaka 1697 Waomani walipokuwa wameizingira. Vitu vilivyoopolewa humo viko Ngomeni hadi leo na nimekwenda kuvitazama mara nyingi tu. Lakini nilipoona bei za merikebu za namna hiyo, na mizinga ya kupanga mmoja mmoja, nikasema aa, wacha nianze na chombo cha kwetu. Nikadhani kitakuwa rahisi.

Nieleweke: mimi kazi yangu ni karatasi za kutoa mizigo Kilindini. Randa sijawahi kushika.

Ndani ya sanduku mlikuwa na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, na mataruma, yaani mbavu zake, ya plaiwudi yaliyokatwa kwa leza, safi, ukiyasukuma kwa kidole yanachomoka. Fito za mbao laini nyeupe za kupigwa mwanzo, na nyingine nyembamba za sapele za kupigwa juu yake. Misumari ya shaba ya urefu wa ukucha, kapi, vijiti vya milingoti, nyuzi za unene wa aina tatu, matanga mawili yaliyoshonwa tayari, na kitabu cha picha chenye lugha tano. Kiswahili hamna, wala sikukitarajia. Gundi, rangi, vanishi na msasa ni juu yako. Kapi zilipungua mbili. Nikawaandikia, wakaniletea baada ya wiki saba, bila kuniuliza swali na bila kunidai senti. Hapo nawapa haki yao.

Mbao ni nzuri, sina la kuongeza. Hiyo sapele ni mti wa misitu ya huku huku Afrika, unaota Kameruni, Kongo, hata Uganda. Kwa hiyo umekatwa barani kwetu, ukasafirishwa Ulaya, ukachanwa mwembamba kama ganda la kitunguu, kisha ukanirudia Mombasa kwa posta na ushuru nikalipa mimi.

Kuunda kwenyewe kunakwenda kinyume na mafundi wa kale wa pwani hii. Wao walikuwa wakipiga mbao kwanza, umbo la chombo likitoka kwenye jicho la fundi, kisha ndipo wakaingiza mataruma ndani yafuate mbao. Hapa mataruma ndiyo ya kwanza, umbo limeshaamuliwa na kompyuta, kazi yako ni kulivisha. Kwa mtu kama mimi ni afadhali hivyo. Jicho la fundi sina.

Shida ya kwanza ni kupinda fito pale omoni. Ukiupinda ufito mkavu unavunjika, na sauti yake utaisikia hata usingizini. Kitabu kinataka ununue chombo maalumu cha umeme. Mimi nililoweka fito kwenye beseni nusu saa, kisha nikachukua pasi ya nywele ya mama watoto. Imetengenezwa kunyooshea, mimi nikaitumia kupindia, na ilifanya kazi vizuri ajabu: unaubana ufito, mvuke unatoka, unauvuta polepole ukiuzungushia mdomo wa kikombe, unapinda wenyewe. Harufu ni ya mbao iliyochemka na mafuta ya nywele. Gharama ya pasi mpya, shilingi 2,200, naijumlisha kwenye bei ya seti.

Sasa neno kwa wenzangu wa Mombasa, kwa sababu kitabu kimeandikwa na watu wa hewa kavu. Gundi ya gluu ile ya kukauka haraka hukauka kwa unyevunyevu, na unyevunyevu sisi twauza. Hapa haikungoji. Ukiuweka ufito umekosea upana wa uzi, basi umekosea. Tena moshi wake huacha ukungu mweupe juu ya vanishi, na kuuondoa ni msasa upya. Niliibakiza kwa vifundo vya kamba tu. Mbao nimezigundisha kwa gundi nyeupe ya maseremala, nikazibana kwa vibanio vya nguo, nikaziacha zilale. Na usipige sitaha wakati wa masika. Mimi niliipiga mwezi wa tano, mvua imeshika, fito zimejaa maji ya hewa bila mimi kujua. Kaskazi ilipokolea, Januari, zikanywea, na sitaha yote ikafunguka nyufa za upana wa unywele. Nikachukua vumbi la sapele lililobaki kwenye msasa, nikalichanganya na gundi, nikazijaza kwa kijiti cha kuchokolea meno. Kalafati yangu hiyo. Ilinichukua usiku mbili, na ukweli ni kwamba sitaha imependeza zaidi kuliko ile ya kwenye picha.

Hadi hapo nilikuwa nikiisifu seti kwa kila mtu ofisini.

Halafu nikafika kwenye kamba. Kitabu kinazipa kurasa nne: mlingoti mkuu na mlingoti wa galme, ule mdogo wa nyuma, kila mmoja na kamba zake nene za kuushikilia, tatu kushoto, tatu kulia, zikazwe kabisa na kila fundo litiwe tone la gluu. Nikafuata. Wiki tatu. Nilipomaliza mlingoti mkuu nikamwita mjomba aje aone. Mjomba wangu alikuwa baharia enzi za ujana wake, majahazi ya Lamu na Mombasa, boriti za mikoko kuja huku, vyakula na saruji kurudi huko. Macho yake sasa hayaoni karibu mpaka avae miwani mbili.

Akakaa. Akanywa chai yake kwanza. Akaipitisha mikono ubavuni mwa chombo, akagusa rangi nyeupe ya chini.

"Deheni yao hii?" Alimaanisha ile dawa ya kupaka vyombo chini.

"Rangi tu, mjomba."

"Wameijua mahali pake." Akapima mlingoti kwa jicho. "Mlingoti pia wameuinamisha mbele, sawasawa. Na hili si jahazi la Lamu, hili ni sambuku. Waona omo ilivyopindwa kama jambia." Kisha akavuta kamba moja kwa ukucha, ikalia kama uzi wa udi. "Na hizi, mjomba?"

"Za kushikilia mlingoti."

"Hilo naona. Mbona mlingoti umefungwa kotekote, kama kuku apelekwaye sokoni?"

"Ndivyo kitabu kisemavyo."

Akakichukua kitabu, akafungua kurasa zile nne, akakigeuza juu chini, akakirudisha mezani taratibu. "Haya. Upepo umegeuka, wataka kupindua. Foromali itapita wapi?"

Sikuwa na jibu, na nikiangalia nikaona hata kitabu hakina. Kwa asiyejua: tanga la jahazi limefungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaokaa mshazari juu. Chombo kikipindua, yaani kikigeuza ubavu wa kupokea upepo, foromali haibaki upande ule ule. Husimamishwa wima, ikazungushwa mbele ya mlingoti, tanga na vyote, mpaka upande wa pili. Ndiyo maana kamba za mlingoti wa jahazi si za kufungwa daima. Zinakazwa upande wa goshini, unakotoka upepo, na zile za upande wa pili zinalegezwa ili foromali ipate nafasi. Kila mkipindua, zinabadilishana. Aliyechora kurasa zile nne alichukua kamba za merikebu ya Kizungu, ambayo miti yake ya matanga haihitaji kuzunguka mlingoti, akazivisha sambuku. Kwenye picha ya sanduku linapendeza. Baharini wangelegeza hizo kamba kwa shoka.

Mjomba hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Angecheka ningeteta naye. Alipoondoka nilichukua wembe nikakata kamba zote sita, gluu ikang'oka na vanishi, nikaliweka jahazi juu ya kabati.

Lililonirudisha ni jambo dogo. Siku moja nilikuwa nimesimama kwenye mshikaki, Mwembe Tayari, nikingoja zamu yangu, nikatazama vile vijiti. Nikakumbuka mjomba aliniambia jambo lingine siku ile, kwamba foromali ya seti ni mti mmoja mzima, na mti wa urefu ule unyookao vile haupatikani kila siku. Foromali ya kweli huwa imeungwa, miti miwili au mitatu imelazwa bega kwa bega ikafungwa kamba. Nikamwomba muuzaji vijiti vinne vikavu. Akanipa, akaniuliza kama nina mgeni asiyekula nyama.

Nyumbani nikavipiga msasa ncha moja moja mpaka vikawa vyembamba kama mwiba wa samaki, nikalaza viwili viwili, vinapishana sehemu kubwa hapo katikati, nikavifunga kwa uzi pande tatu, mizunguko kumi na miwili kila pahali, bila gundi. Ile mizunguko ukiibana vizuri uzi unajikaza wenyewe. Nikavisugua kwa strungi, chai isiyo na maziwa, nzito iliyolala, rangi ikawa ya mti uliokula jua na chumvi. Kati ya vyote vilivyomo kwenye jahazi hili, hiyo foromali ndiyo naipenda kuliko yote, na imenigharimu shilingi sufuri.

Matanga ya sanduku nayo nikayaweka kando. Ni kitambaa cheupe cha kung'aa, mshono wa cherehani mkubwa kiasi kwamba kwa kipimo chake kila tundu la sindano lingepita mkono wa baharia. Nikaenda mtaa wa Biashara nikanunua kitambaa cha marekani nusu mita. Duka la tatu ndilo waliokuwa nayo, na kijana wa dukani alidhani nataka sanda. Wala sikubuni jipya: marekani ndiyo iliyokuwa ikishonwa matanga pwani hii tangu babu zetu. Nikaichemsha kutoa wanga, nikaitia strungi hiyo hiyo, mama watoto akanishonea dasi, ile kamba ya pindo la tanga, ukingoni kwa mkono. Alikubali baada ya kunikumbusha habari ya pasi.

Kamba nimezipanga upya kwa maneno ya mjomba. Tulikaa jioni tatu, yeye akielekeza kwa fimbo, mimi nikifunga kwa koleo ndogo. Henza, kamba ya kupandishia foromali, inapita juu ya mlingoti kwenye kapi na inapanda na kushuka kweli. Kamba za mlingoti nimezifunga kwa kitanzi cha kufunguka, tone la gluu hakuna. Demani vilevile. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama seti hii inafaa, mjibu inafaa nusu: chini ya sitaha fuata kitabu neno kwa neno, juu ya sitaha kifunge ukatafute mzee aliyepanda chombo. Mombasa bado wapo, na Lamu ndio zaidi. Anayekaa mbali na bahari asijisumbue, achukue seti ya merikebu ya Kizungu, maana kamba za merikebu za kwao watengenezaji bila shaka wanazijua. Mbao nyota tano, kamba nyota moja, huduma nne.

Kioo cha kulifunikia bado. Fundi wa Majengo kataka 4,500 na mimi kwa sasa sina nafasi hiyo, nimelifunika kwa neti ya kufunikia chakula, na mlingoti unaichomoza. Liko juu ya meza ndogo ya sebule, omo imeelekea mlangoni.

Mjomba alikuja Jumatano, akala nasi chakula cha mchana, akasema ajinyooshe kidogo sebuleni. Nilirudi kazini. Jioni nilipofika nyumbani alikuwa ameshakwenda zake. Neti ilikuwa imewekwa kando, imekunjwa. Kamba za kulia zimelegezwa, za kushoto zimekazwa, kila kitanzi kimefungwa upya na vidole vinavyotetemeka, na foromali ya mshikaki ilikuwa imevuka mbele ya mlingoti. Dirisha la kusini lilikuwa wazi. Tanga lilikuwa limekaa upande wa pili.